Saa Iliyofungiwa Kufuli

Wapo watu wanaoweza kumtia mwenzao uchungu huku wao wakishika mbavu kwa kicheko. Uchungu wa mwingine huonekana mdogo, kwa kuwa hawalali nao kitanda kimoja. Mheshimiwa Filadelfio Vigil, mfugaji wa kondoo kutoka bonde la Las Tusas, kusini-magharibi mwa Marekani, alikuwa mmoja wao. Siku ya sitini ya kikao cha Baraza la jimbo, alikuwa ameketi kwenye kiti chake akitokwa na jasho, ingawa milimani theluji ilikuwa bado haijayeyuka.

Ilikuwa saa tano na robo asubuhi. Saa sita kamili mchana Baraza lingefungwa, kwani katiba ya jimbo ilisema hivyo: mwaka huu siku sitini, mwakani thelathini tu, tena za bajeti peke yake. Muswada utakaokufa leo ungesubiri miaka miwili. Muswada wa Filadelfio ulikuwa wa kuweka gari la wagonjwa pale Las Tusas, pamoja na wauguzi wawili, na ulikuwa bado haujaitwa.

Juu, kwenye viti vya wageni, aliketi mkewe Ramoncita, mkoba wa dawa za moyo mapajani. Novemba iliyopita alianguka jikoni, na gari la wagonjwa likachukua saa moja na nusu kumfikia kutoka mjini. Daktari hakumung'unya maneno: ikitokea tena, hataweza kungoja kiasi hicho. Tangu siku hiyo Filadelfio alilala usingizi wa mang'amung'amu, mkono wake mbavuni pa mkewe, akihesabu pumzi.

Aliyekuwa akizungumza sasa ni Bernarda Quintana, dereva wa basi la shule kutoka tambarare. Alipinga muswada wa zamu za maji ya mifereji, kifungu kwa kifungu, bila haraka yoyote. Filadelfio aliinua macho kwenye saa kubwa iliyokuwa juu ya mlango, ndani ya kasha la kioo lenye kufuli, kisha akayashusha upesi. Kufuli lile alilijua vizuri mno.

Zamani saa ile haikuwa na kasha. Jambo la maana lilipokaribia kukatwa na adhuhuri, mlinzi wa mlango alipanda ngazi akaisimamisha, na saa sita ikangoja mpaka kazi iishe. Hakuna aliyeona haya. Miaka miwili nyuma, Bernarda alileta pendekezo la kuwauliza wananchi kama wajumbe walipwe mshahara. Wajumbe hawakuwa na mshahara hata senti moja; walipewa posho ya chumba na chakula kwa siku za kikao, basi. Mwenye kondoo mia nane na wana wa kuwachunga hilo halikumnyima usingizi. Bernarda yeye alikatwa ujira wa kila siku aliyokosa kuendesha basi.

Siku ya mwisho ya kikao hicho Filadelfio alisimama akazungumza saa moja na nusu juu ya pilipili za bibi yake: nyekundu inavyokaushwa, kijani inavyochomwa, na ipi humtoa mgeni machozi zaidi. Baraza zima liliangua kicheko. Zilipobaki dakika tatu, Bernarda alikuja mezani kwake kumsihi, na mlinzi akaifuata ngazi.

"Rudisha ngazi hiyo!" Filadelfio alinguruma. "Sheria ni sheria. Saa haina rafiki!" Adhuhuri ilipolikata pendekezo, alimgeukia Bernarda. "Dada, ukitaka mshahara njoo unichungie kondoo!"

Mwaka uliofuata, ingawa kikao kilikuwa cha bajeti, alileta kanuni ya ndani ya Baraza, isiyohitaji muswada: saa isiguswe na mtu yeyote, na kura isiyokamilika saa sita imekufa. Ikapita. Kasha likawekwa, na kufuli akalinunua yeye mwenyewe.

Sasa ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Bernarda alipotulia kusubiri jibu la mwenye muswada, Filadelfio alijikongoja hadi mezani kwake.

"Dada Bernarda," alinong'ona, "nakuomba. Si kwa ajili yangu, ni Ramoncita."

"Najua, mzee."

"Basi keti. Nakusihi."

"Mimi nami nilikuja mezani kwako siku ile. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Filadelfio alikumbuka neno kwa neno. "Saa haina rafiki."

"Nilikaa miezi mitatu bila kulipa kodi ya nyumba. Na mpaka leo nikienda dukani wananiuliza, 'Mchunga kondoo, hujambo?'" Akainua macho kwenye viti vya wageni, akamtazama Ramoncita kwa muda. "Lakini yule mama hakunicheka."

Akamgeukia Spika. "Mheshimiwa Spika, nimemaliza."

Kura ya mifereji ilimalizika zikiwa zimebaki dakika kumi. Muswada wa Las Tusas ukaitwa. Mtu aliyeweza kuzungumzia pilipili asubuhi nzima alisema sentensi nne, akaketi. Karani, bwana Tafoya, akaanza kuita majina kwa mpangilio wa alifabeti. Wajumbe walikuwa arobaini na wawili, na kura zilizohitajika ni ishirini na mbili.

"Archuleta?"

"Ndiyo."

"Baca?"

"Hapana. Naomba kueleza kura yangu."

Akaeleza, kama ilivyo haki ya kila mjumbe, dakika tatu nzima. Majina yakaendelea: Gallegos, Luján, Montoya. Bernarda alipoitwa alijibu "Ndiyo!" kabla karani hajamaliza kulitamka jina lake. Romero, ndiyo. Sandoval, hapana. Trujillo, ndiyo. Zilikuwa kura za ndiyo ishirini na moja, na lilibaki jina moja tu, Vigil.

Karani alifungua kinywa. Saa ikapiga.

"Isimamisheni!" Mpiga kelele alikuwa Bernarda. "Jamani, bado jina moja!"

Mlinzi wa mlango hakusogea. Alilitazama kufuli, kisha akamtazama Filadelfio. Baraza lote likamtazama.

"Ndiyo!" Filadelfio alipaza sauti akiwa amesimama. "Kura yangu ni ndiyo! Mheshimiwa Spika, ni neno moja tu!"

"Samahani, mheshimiwa," Spika alisema, na uso wake ulionyesha kwamba ilimuuma kweli. "Ni kanuni yako." Nyundo ikagonga.

Ramoncita alimkuta mumewe kwenye ngazi za nje, kofia mkononi. Hakumlaumu. Alimpa mkoba amshikie, akamkamata mkono ili wateremke pamoja.

"Siku ile ulirudi nyumbani unacheka, Fila," alisema. "Ulicheka mpaka ukapaliwa na supu."

Mbele yao kulikuwa na safari ya saa moja na nusu hadi Las Tusas, na miaka miwili ya kusikiliza pumzi za mkewe. Filadelfio aliubana mkoba wa dawa kifuani, akajua kwa mwili wake kile alichokuwa akikijua kwa ulimi tu: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.