Sakafu ya Kaka, Sakafu ya Mume

Hapo zamani, mjini Korogwe, kulikaliwa shauri barazani kwa Hatibu bin Mwinchande. Waliokuwepo ni hawa: Hatibu mwenyewe, karani mstaafu wa reli, amejilaza kitandani kwa maradhi ya kifua, Mashavu binti Kilua, mkewe mkubwa, Kibibi binti Sefu, mkewe mdogo, Rajabu bin Kilua, fundi mwashi, kaka yake Mashavu, na Maalim Zuberi bin Athumani, aliyeitwa kuamua. Mwingine hakuwepo.

Wake hao waliishi nyumba moja: Mashavu kulia, Kibibi kushoto, ukumbi katikati. Hapo awali sakafu yote ilikuwa ya udongo. Ilipobaki miaka mitatu astaafu, Hatibu alikusudia, akistaafu, ahamie Magoma kwenye shamba la mama yake, afie kwao. Mbao za mvule za kujengea huko zilikuwa tayari uwani.

Mashavu ndiye aliyeanza.

"Bwana, nitilie saruji. Nimechoka kusiriba udongo."

"Tunahama, mke wangu. Nani anapamba nyumba anayoiacha?"

"Miaka mitatu ni michache kwa anayeshinda ofisini. Mimi nashinda nimepiga magoti."

Hatibu akakataa. Mashavu akamwita kaka yake. Rajabu akatia saruji chumba cha dada yake, akaendelea na sakafu ya ukumbi, akafika katikati, akakomea hapo hapo. Alisema mwanamume hampi zawadi mke wa mtu asiye ndugu yake.

Tangu siku hiyo Mashavu akawa anawaita wageni: "Karibuni huku, jamani, huko mtachafua kanga zenu!"

Kibibi naye akawa anacheka na kuwaambia: "Kaeni tu. Hiyo ni sakafu ya kaka. Mimi nangoja ya mume."

Akangoja kwa kununa. Zamu yake ikifika, Hatibu alilala akitazama mgongo wa mkewe. Mwishowe akauza nusu ya mbao, akanunua saruji, na Kibibi akapata sakafu.

Mashavu akawaka. "Yangu ya kaka, yake ya mume! Kwani mimi nimeolewa na Rajabu?" Akafunga mizigo arudi kwao. Hatibu akauza mbao zilizobaki, kuta za Mashavu zikapigwa lipu na chokaa. Kustaafu kukafika, na kule Magoma hapakuwa na hata nguzo moja.

Basi siku ile ya shauri Maalim akawauliza nani amemzuia mzee kuhama.

"Ni huyu," akasema Kibibi. "Asingenicheka, ningekaa na udongo wangu mpaka siku ya safari."

"Mimi niliomba sakafu, sikugusa mbao," akasema Mashavu. "Aliyezigusa kwanza ni wewe, kwa kijicho chako."

"Na za pili zilikwenda wapi, dada? Si ukutani kwako?"

Rajabu akasema, "Mimi nilichunga heshima. Ningevuka katikati, mngenisema nini mjini?"

Hatibu akakohoa. "Nilitaka amani ndani ya nyumba yangu. Nimwache nani akilia?"

"Ungekataa mara ya pili kama ulivyokataa ya kwanza, bwana," akasema Mashavu, "leo ungekuwa Magoma."

Maalim akaomba apewe muda mpaka Ijumaa afikiri.

Hatibu bin Mwinchande alifariki Alhamisi, akazikwa Korogwe.

Je, nani aliyemzuia kuhama?