Mchoraji Aliyelala Ndani ya Bodi

Usimsukume aliyechoka, mwamshe aliyelala. Mmeisikia leo kwa fundi wenu mkadhani ni ya mababu waliolima kwa jembe la mkono. Thubutu! Methali hii haijaota mvi hata moja. Ilizaliwa hapa hapa Songea, juu ya meza ya fundi, nami nitawaeleza ilivyoanza. Ila atakayechezea simu nikisimulia, nanyamaza.

Palikuwa na mwalimu, Otmari Komba, aliyewafundisha sayansi watoto viziwi kwa lugha ya alama. Nyie, vidole vya yule mtu vilikuwa vinasema! Akieleza mvua, unaliona wingu. Kisha baridi yabisi ikamwingia kwenye viungo. Vidole vikakakamaa, alama zikawa zinatoka nusu nusu, watoto wakabaki kukisia. Na pale shuleni hakuna mwingine aliyeijua lugha ile. Mikono yake ikishindwa, darasa limekwisha.

Ndipo fundi wa kompyuta, Gaudensia Ngonyani, akatengeneza mtu wa katuni wa kumsaidia, atoe somo kwa alama badala ya mikono yake. Alimfundisha alama zote za Mwalimu, moja moja, akamweka ndani ya kompyuta ndogo, bodi ya ukubwa wa kiganja, akaifunga nyuma ya televisheni ya darasani.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Katuni aliinua mkono, akaganda, halafu mkono ukaibukia kifuani bila kupita popote. Sasa, katika lugha ya alama, njia ya mkono ndiyo neno lenyewe. Ikikatika, hakuna lililosemwa. Watoto walitazama kioo kidogo, kisha wote wakageukia mikono ya Mwalimu. Naye akaitoa mfukoni na kuanza kufundisha huku akiuma mdomo kwa maumivu. Gaudensia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mashine hii isipofanya kazi Jumatatu, ichukueni," akasema mkuu wa shule, Mama Nchimbi. "Watoto nitawagawa kwenye madarasa mengine." Madarasa yasiyo na mwalimu wa kuongea nao hata neno.

Gaudensia akaibeba bodi hadi karakana. Mwenzake, Haule, alikuwa mtu wa pupa. "Imechoka hii, tuikaze!" Wakabadili chaja. Wakafunga feni. Wakaongeza kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mpaka ikapata moto wa kukaangia yai. Katuni akaganda vilevile. Wakapunguza ukubwa wa picha, akaganda, na juu ya hayo sura ikaharibika.

"Tutafute bodi kubwa zaidi," Haule akasema.

"Hapana." Gaudensia alivuta kiti akakaa. "Tangu asubuhi tunaisukuma tu. Hatujaiuliza kitu."

"Utaiuliza nini?"

"Nani anachora?"

Haule akacheka. "Swali gani hilo! Si chipu ya picha? Bodi hii tuliichagua kwa sababu ya hiyo chipu."

"Hivyo ndivyo tunavyodhani."

Akaandika amri, kioo kikajibu. Prosesa ndiyo iliyokuwa ikichora kila kidole na kila ukucha, huku inafanya na kazi zake nyingine zote. Chipu ya picha, mchoraji wa kuzaliwa, haikuwa imeitwa hata mara moja. Ilikuwa imelala fofofo.

"Nani kaizima?" Haule akauliza, halafu wakatazamana.

Karakana yao ilikuwa na desturi: mfumo unaofanya kazi haubadilishwi, unanakiliwa. Kila bodi mpya ilirithi nakala ya kadi ya kumbukumbu ya bodi iliyotangulia, pamoja na amri zote zilizomo. Bodi ya kwanza kabisa ilikuwa ya kioo cha matangazo pale stendi. Chipu yake ya picha iliungua, nao wakaandika amri kwamba isiitwe, prosesa ichore yenyewe. Bodi ile ilishatupwa zamani. Amri yake ikawa inarithiwa tu, na hakuna aliyeikumbuka.

"Mungu wangu," Haule akasema. "Tumerithi kilema cha marehemu."

Gaudensia akaifuta ile amri, akawasha. Kioo kikawa cheusi tii.

"Rudisha! Rudisha kabla hatujaiua!"

"Sirudishi, Haule. Shika taa hapo."

Mfumo wenyewe ulikuwa mzee, haukujua namna ya kuiita chipu ya bodi hii mpya. Gaudensia akatafuta programu ya kuiamsha. Ya kwanza ikakataa, kumbe ni ya bodi nyingine inayofanana nayo. Akatafuta tena, macho yamemwiva, chai imepoa pembeni. Ya pili ilipokubali, katuni aliinua mkono, nao ukateremka taratibu kama maji mgongoni. Haule aliruka hadi akagonga rafu.

Jumatatu hakuna mtoto aliyegeuka kutazama nyuma. Mwalimu Otmari aliweka mikono mapajani, akaiacha hapo somo zima, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Mama Nchimbi naye furaha ikampanda. "Mwalimu, maadamu umepata nafuu, nikuongezee darasa la nne na la tano. Jikaze kidogo tu." Mwalimu, mtu wa kutii, akaanza kuitikia kwa kichwa.

Gaudensia alikuwa anakusanya nyaya zake. Kupitia dirishani aliwaona walimu vijana wamekaa ofisini wanakunywa chai, miaka nenda rudi wapo hapo, na hata alama ya njaa hawaijui.

"Samahani, Mama," akasema. "Nilikuwa na mashine inayokufa kwa kazi, na mimi nikazidi kuikamua. Kumbe mwenzake yumo humo humo ndani, amelala, na hakuna aliyemwita. Usimsukume aliyechoka, mwamshe aliyelala."

Mama Nchimbi akafuata macho ya Gaudensia hadi dirishani. Kisha akatoka, akasimama mlangoni pa ofisi na kuwaita walimu wake mmoja mmoja, kwa majina. Wakaja wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, wakaanza na alama ya kwanza. Watoto waliwakunja na kuwakunjua vidole huku wanacheka mbavu hawana, na Mwalimu Otmari akawa anasahihisha kwa kutikisa kichwa tu.

Sasa mmejua. Usimsukume aliyechoka, mwamshe aliyelala.