Vitabu Vilivyoitika Labeka

Mtu mmoja, jina lake Machano, alikuwa na dhamana ya maktaba ya mji. Kila asubuhi alipita na kitambaa, akatoa kitabu kimoja kimoja, akakifungua na kukipuliza vumbi. Wenzake walimcheka, wakasema anavijulia hali kama wagonjwa. Miongoni mwa vitabu hivyo kilikuwamo kimoja chembamba cha nyimbo za harusi, zilizotungwa na marehemu baba yake Zuwena, mwanamke wa mji ule ule, na nakala nyingine haikuwapo popote. Zuwena mwenyewe alikipeleka pale kwa sababu nyumba yake ilikuwa inavuja. Machano alimwahidi kuwa siku binti yake atakapoolewa, atakikuta.

Kisha wakubwa wakaleta chipu. Ndani ya jalada la kila kitabu kikabandikwa kibandiko kidogo chenye chipu, na Machano akapewa mashine ya mkononi. Akiipitisha mbele ya rafu, kila kitabu kilichopo kilimjibu kwa mlio mmoja mfupi. Wafanyakazi wakauita mlio huo labeka, maana ndivyo anavyoitika mtoto mwenye adabu akiitwa.

Lakini rafu zilikuwa za chuma, na chuma humeza sauti ya chipu. Leo kitabu kiliitika, kesho kikanyamaza, na hakuna aliyekigusa. Jambo hilo lilimkosesha Machano raha. Hakuuliza tena kama vitabu ni vizima, alichotaka ni viitike tu. Akaamuru rafu za chuma zitolewe, akaweka za mbao laini, na siku hiyo vikaitika vyote mfululizo. Tangu hapo akaacha kuvifungua, na kitambaa kikabaki kinaning'inia msumarini.

Mvua zikaja, zikaondoka. Mle maktabani ikaanza kusikika sauti ndogo, kama mtu anayetafuna bisi chumba cha pili. Wasomaji waliinua vichwa, wakatazamana, na hakuna aliyekuwa na kitu mdomoni. Ukiigusa rafu, sauti ilinyamaza. Ukiondoa mkono, ilianza tena. Harufu ya udongo uliolowa ilitanda, na nje jua lilikuwa linawaka. Machano aliisikia ile sauti. Akachukua mashine, akazipitia rafu zote, na vitabu vyote vikaitika. Basi akarudi kitini, moyo ukatulia.

Adhuhuri moja Zuwena akaja. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka bibi harusi aimbiwe maneno ya babu yake. Hakuwa ameyahifadhi kichwani, hata ubeti mmoja, kwa kuwa alijua yametunzwa. Machano akaipitisha mashine mbele ya kitabu kile kwa maringo. Labeka. Akakivuta kitabu, kikaja chepesi mno. Zuwena alipokifungua, udongo ukammiminikia viganjani, bado una unyevunyevu, na wadudu weupe wanatambaa ndani yake. Mchwa walikuwa wamepanda ndani kwa ndani ya mbao, wakala karatasi zote, wakaacha majalada yamesimama wima. Machano akachomoa kitabu cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa udongo.

Hakutaka kuamini. Akaileta mashine juu ya mikono ya yule mama, pale kibandiko kilipokuwa kimebanduka na kuangukia katikati ya udongo, kizima. Ikalia. Labeka.

Zuwena akamtazama, machozi yanamlengalenga.

"Kimeitika, Bwana Machano. Haya, kiambie kiimbe."

Machano akageuka na mashine mkononi, na kila ilipoelekea rafu, ililia, na rafu nzima ya udongo ikamwitikia kwa adabu. Bibi harusi aliolewa kimya kimya, na nyimbo zile hazijaimbwa tena na mtu yeyote.

Msimcheke Machano. Asubuhi hii majina yenu yametajwa humu darasani, daftari la mahudhurio likisomwa, na kila mmoja wenu ameitika, tena kwa sauti nzuri. Nami namuuliza kila mmoja: siku utakapofunguliwa, utakutwa wimbo, au utamiminika udongo?