Rangi Nne za Udongo wa Blandine

Nyoka akishaingia chumbani, hauawi kwa fimbo iliyoegemezwa ukutani mwa jirani wa mtaa wa pili. Agnès Ngeleka aliijua methali hiyo kama aijuavyo kila mtu, kwa mdomo. Ilibidi mdogo wake aponee chupuchupu ndipo aijue kwa mikono.

Agnès alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya wasichana mjini Kolwezi. Mdogo wake, Blandine, alikuwa na mimba ya miezi minne, baada ya mbili kuharibika. Misuli ya miguu ilimkaza mpaka akalia kama mtoto, na mkunga akamwambia kuwa mwili wake umepungukiwa na kalsiamu, madini yajengayo mifupa. Ndipo mwanamke mmoja sokoni akamuuzia pemba, udongo mweupe ambao wajawazito huutafuna, akaapa kwamba umejaa kalsiamu tele. Blandine akaung'ang'ania kama kupe na mkia wa ng'ombe.

Siku moja Agnès alikipasua kipande kimoja, akaona ndani yake mishipa myembamba ya kijani. Katika nchi ile hata mtoto anayetambaa anajua jiwe la kijani lina nini. Alipouliza, akaambiwa udongo huo huchimbwa kando ya kijito ambako wachimbaji huosha mawe yao.

"Blandine, acha hii kitu. Iko na shaba ndani."

"Yaya," Blandine alimjibu, kama waitwavyo dada na kaka wakubwa kule, "umeiona na macho? Mi miguu inaniuma. Unataka nipoteze na huyu?"

Kaka yao mkubwa, Kabasele, aliyekuwa akiishi Ubelgiji, aliingilia kati kwa simu. "Musijisumbue. Munitumie kipande. Huku kuko mashine zinasoma kila kitu." Kipande kikasafiri na mfanyabiashara mmoja. Wiki zikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwingine, na kila walipompigia Kabasele jibu lilikuwa lile lile: wiki ijayo. Blandine naye hakuacha kutafuna. "Leteni karatasi ya Ulaya," alisema, "siku ile ile nitaacha."

Mimba ilipofika mwezi wa saba, alianza kutapika kila alichokula. Alhamisi moja alianguka katikati ya mazoezi ya kwaya. Agnès alipofika kanisani alimkuta amelazwa kwenye benchi, midomo imekuwa ya kijivu, na kiganjani bado amefumbata kipande cha pemba. Akajiuliza: nangoja nini, nami ni mwalimu wa kemia?

Jambo lenyewe ni kwamba aliogopa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefundisha namna ya kutenganisha metali zilizochanganyika, kwa chaki na mishale ubaoni. Kwa mikono yake hakuwahi hata mara moja, kwa maana nusu ya chupa za maabara zilikuwa tupu.

"Madame, tutatafuta," alisema Tata Godefroid, mzee mtunza maabara, Agnès alipomweleza anachotaka. Asidi ilikuwapo, amonia ilikuwapo. Chumvi ya salfidi, ambayo viwanda hutumia kusafishia mawe ya shaba, mzee huyo aliipata katika duka la vifaa vya wachimbaji. Asidi ya kuondolea kutu aliiomba kwa seremala. Jumamosi adhuhuri kila kitu kilikuwa mezani. Kwa sababu ya harufu kali, Blandine aliwekewa kiti nje ya dirisha, upande ule unakotoka upepo.

Agnès alimimina asidi juu ya unga wa udongo. Povu likafoka, udongo ukayeyuka. Akaongeza amonia, na papo hapo mabonge ya rangi ya kutu yakaanza kuzama: hicho kilikuwa chuma. Akayachuja kwa karatasi. Kilichodondoka chini yake kiliwafanya wote wainame kutazama. Yalikuwa maji ya bluu iliyokolea, inayong'aa kama joho la Bikira Maria. Tata Godefroid akafanya ishara ya msalaba.

"Shaba," alisema Agnès.

Nje ya dirisha Blandine alikuwa amesimama. "Kumbe njo ile nilikuwa nakula?"

"Njo ile ulikuwa unakula."

Akatia salfidi. Bluu ikageuka nyeusi tititi kama masizi, shaba na kobalti, ndugu yake wa migodini, zikazama pamoja, na alipochuja tena akapata maji meupe kama ya mvua. Kidogo ayamwage, akiamini hamna kitu tena. Lakini somo lilikuwa na hatua moja zaidi. Akachukua asidi ya seremala, akaituliza kwa amonia, akaidondosha.

Kwa kitambo maji yalibaki maji. Kisha, pasipokuwa na kitu, ukungu mweupe ukazuka, ukatanda, ukaanza kushuka polepole kama unga wa muhogo ndani ya beseni. Agnès aliuchuja, akauchoma juu ya makaa ya jiko la mbabula ndani ya kibakuli cha kauri, akaulowesha kwa tone la asidi, akaugusisha kwenye mwali wa taa. Mwali ukawaka rangi ya tofali.

Machozi yakamlengalenga. Metali hizo zilikuwa zimekumbatiana ardhini tangu kabla mtu hajakanyaga nchi ile, na leo kila moja ilikuwa imeitika ilipoitwa kwa jina lake.

"Yaya, na ile nyeupe?"

Angeweza kumficha. Hakumficha. "Ni kalsiyumu. Mama wa soko hakudanganya, iko ndani. Lakini alikuuzia pamoja na wenzake, shaba na kobalti."

"Basi nipe ile."

"Hapana, imepita mu dawa kali. Ya kukula iko ku soko: samaki wadogo na mifupa yao, na mboga za lengalenga. Na kesho kutwa tunaenda kwa mukunga."

Blandine aliendelea kuyatazama yale maji ya bluu, mkono juu ya tumbo. Halafu akatoa mfukoni vipande vyote alivyokuwa navyo, akavipanga dirishani kimoja kimoja, akaondoka bila kugeuka.

Mkunga alimpa vidonge, na kutapika kukakoma. Baada ya miezi miwili alijifungua msichana mwenye sauti ya tarumbeta. Mtoto alikuwa na siku kumi na saba Kabasele alipopiga simu kwa furaha: karatasi imetoka! Akawasomea: chuma, shaba, kobalti, kalsiamu.

"Sasa mumwambie Blandine aache kukula," alimaliza.

Blandine, aliyekuwa akinyonyesha, alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. "Yaya Kabasele, sikia huyu analia. Nyoka tulishamuua."

Naam, fimbo ya mbali haiui nyoka.