Mahakama Ilirudisha Ng'ombe, Ndama Akaleta Watu

Hapo zamani, mjane Limi alikuwa uani akipepeta mtama, pumba zimemjaa nyusini, kaka yake Ndaki akaingia anahema.

"Dada, tumeshinda! Dalali wa mahakama anamleta ng'ombe wako!"

"Tumeshinda mimi na nani?" Limi aliuliza, ungo haukusimama.

Ng'ombe yule Limi alimnunua kwa pamba aliyoilima mwenyewe. Mumewe alipofariki, shemeji yake Shigela alikuja msibani kulia. Alipomaliza kulia aliondoka na ng'ombe, eti mali ya ukoo. Limi akashtaki. Na kwa hasira alitamka mbele ya majirani: "Atakayenirudishia ng'ombe wangu, ndama wa kwanza ni wake!" Mdomo ulifunguka, akili iko shambani.

Jioni ng'ombe akaingia zizini, nyuma yake ndama wake wa kwanza, aliyezaliwa kwa Shigela. Hukumu ilisema wote wawili ni wa Limi. Ahadi yake je? Hiyo hakimu hakuiuliza.

"Ndama ni wangu," alisema Ndaki. "Nani aliandika madai? Nani alisimama mbele ya hakimu kila kesi ilipoahirishwa?"

"Ulisimama kweli," Limi akajibu, "ndani ya shati la marehemu, nalo hujalirudisha."

Akaingia Holo, mke wa Shigela, furushi kichwani. "Ndama ni wangu, Mama Sayi. Kaka yako alipiga domo tu. Mimi niliapa kwamba ulimnunua mwenyewe, hakimu akaamini. Mume wangu amenifukuza kwa ushahidi huo."

"Uliyajua tangu msibani, Holo. Ukanyamaza, ukanywa maziwa yangu."

Kabla furushi halijatua, Shigela naye huyo, bila haya. "Ndama ni wangu, shemeji. Ng'ombe alipougua ndigana, nani alimtafutia dawa? Nani alilala naye zizini? Ningemwacha afe, mahakama ingekurudishia ngozi."

Ndaki akacheka mpaka akakohoa. "Mwizi anadai ujira wa kulinda alichoiba!"

"Lakini ng'ombe yu hai," alisema Shigela.

Ndaki akageuka kumtazama ng'ombe zizini.

Limi aliwatazama wanawe, Sayi na wadogo zake. Alishtaki kwa ajili ya maziwa yao, si kingine. Na ng'ombe wa kienyeji hukamuliwa ndama akiwa ubavuni. Ndama akiondoka, mama hufunga maziwa. Akitimiza neno lake, watoto watalamba kibuyu kikavu. Akilivunja, kesho nani atamtolea ushahidi tena?

"Naweni," alisema.

Akapakua ugali na mlenda, akawahesabu kwa macho. Watoto wapo. Ndaki yupo na shati lake. Holo yupo, furushi mapajani. Shigela yupo, tena ndiye aliyenawa wa kwanza. Zizini ng'ombe yupo, ndama yupo, ananyonya.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu vya wenzenu: kati ya aliyeandika madai, aliyeshuhudia, aliyeiba akatunza, na watoto wasioahidiwa kitu, je, nani alimstahili ndama?