Jicho la Bi Harusi

"Taja ua kabla ya kumtaja mchawi." Mmemsikia mama yenu akiwakemea kwa maneno hayo mliposingiziana, nanyi mkacheka. Haya, chekeni, lakini kaeni niwaambie methali hii ilianzaje.

Huko Pangani alikuwako Mwanakombo, mke mpya wa Mzee Mbwana. Alimkuta mumewe na binti aliyefiwa na mama, Rukia. Wakapendana, ila shangazi mtu, Bi Tatu, hakuridhika. Kwake yeye mama wa kambo si mama, hata akupikie pilau kila siku.

Uani mlikuwa na mti wa maua ulioletwa na mgeni mmoja kutoka milimani. Maua yake meupe, marefu, yameinamia chini, na jioni yalinukia mtaa mzima. Kila mtu aliyasifu; jina lake hakuna aliyelijua.

Asubuhi ya harusi ya Rukia, Bi Tatu aliyachuma, akayachanganya na asumini kutunga kikuba cha biharusi, kisha akampaka Rukia wanja kwa vidole vile vile. Haukupita muda, Rukia akapiga ukelele. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu, mboni imetanuka, jicho limekuwa jeusi la kutisha.

Bi Tatu akatoka mbio hadi barazani penye wageni. "Mwanakombo kamroga mtoto siku yake!"

Mwanakombo akamtazama mumewe, akitumai atamtetea. Mzee Mbwana akainamisha uso. "Laasiri bwana harusi anafika. Akimkuta mwanangu hivi, chukua talaka yako uende kwenu."

Maskini ya Mungu! Aliumia, lakini hakulia. Alikumbuka kuwa alipoupogoa mti ule, jicho lake nalo liliingia ukungu, akanyamaza kwa ugeni. Akaenda uani, akarudi na ua moja.

"Mchawi mmeshamtaja. Haya, nitajieni na ua hili. Linaitwaje?"

Akamgeukia Bi Tatu.

"Wifi, si ndilo ulilotungia kikuba?"

"Ua ni ua tu! Usitupotezee wakati."

Mwanakombo akaminya kikonyo, akajipaka utomvu jichoni mwake, akaketi mkekani mbele yao. Ninyi msithubutu! Wakangoja. Pilau likapoa, wengine wakisoma dua chini kwa chini. Aliogopa asije akapofuka bure, lakini jicho hakulifumba.

Hatimaye Rukia akamsogelea, akamshika kidevu. "Baba, njoo uone. Limekuwa kama langu!"

Hapo msafara wa bwana harusi ukaingia. Mama yake, mtu wa Lushoto, akalitazama ua, akaguna. "Kwetu hili ni tarumbeta. Ukilishika, usiguse jicho. Ukungu utaondoka wenyewe, msihofu."

Mzee Mbwana akainama. "Niwie radhi, mke wangu," akanong'ona.

"Hapana," akasema Mwanakombo. "Mlinitaja kwa sauti. Nisafisheni kwa sauti."

Bi Tatu akajitanda kanga hadi puani, akasimama barazani, machozi yakimtoka. "Jamani! Ua sikulijua, mchawi nikamjua! Nimemsingizia mwana wa watu."

Mwanakombo akainuka, akamtoa biharusi kwa mkono wake mwenyewe. Na tangu siku ile, Pangani mtu akikurupuka na jina la mwenzake huambiwa: taja ua kabla ya kumtaja mchawi.