Pimbi Avundika Mahindi

"Jamani, mpo?"
"Tupo!"
"Na masikio mmekuja nayo?"
"Mawili mawili!"
"Basi yashikeni, yasinitoroke."

Zamani, huko kwenye milima ya baridi, aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiyemzidi paka, pamoja na watoto wake watatu. Mwaka mmoja Julai iliingia na umande ukaganda mweupe kama chumvi. Majani yote yakaungua. Nyasi kavu za akiba, Nyati akaja akazila, akalamba na vumbi. Jirani yao, Ng'ombe Kidosho, aliyekuwa akiwagawia watoto wa Pimbi maziwa, kiwele kikamkauka. Mtoto wa mwisho wa Pimbi akafa kwa njaa, wakabaki wawili.

Tangu siku hiyo Pimbi hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatembea. Akitembea, anageuka nyuma.

"Shoga," Kidosho akamwambia, "utachimba shimo kwa miguu."

"Shimo!" Pimbi akaruka. "Ndizi mbichi si huvundikwa shimoni? Basi na tuvundike mahindi mabichi, mabua na majani yake yote, tuyale wakati wa baridi!"

Masika yalipofika na mahindi yakastawi, wakachimba, paru, paru, paru. Wakakatakata, kacha, kacha, kacha. Shimo likajaa. Lakini mabua yalitaka kushindiliwa sawasawa, kwani hewa ikibaki ndani yataoza. Pimbi akarukaruka juu yake, tip, tip, tip. Wapi! Na Kidosho alikuwa na mimba kubwa, hawezi kuruka.

Mara vishindo. Nyati huyo, kashiba majani ya masika, tumbo ngoma.

"Mnafanya nini hapo?"

Pimbi akamkimbilia. "Uwanja wa ngoma, Mzee. Hili tandiko tu. Lakini wewe pita zako. Kifaru kasema Nyati ana mwili, kishindo hana."

"Mimi? Mimi sina kishindo?"

Ndu! Ndu! Ndu! Akacheza kwenda, ndu! Akacheza kurudi, ndu! Jua lilipoinama akaondoka akihema, na mabua yamelala kama godoro. Pimbi na Kidosho wakafunika kwa udongo wa mfinyanzi.

Ikabaki kungoja. Kidosho alicheua, akalala. Pimbi je? Alizunguka shimo asubuhi, akalizunguka jioni. Akiona ufa, paka udongo, piga piga. Akinusa upepo, moyo puu!

"Shoga, kama yameoza?"
"Keti."
"Nifunue kidogo tu, nichungulie?"
"Ukifunua, hewa itaingia, yataoza kweli." Kidosho akaenda akajilaza juu ya shimo, na mimba yake.

Julai ikaingia. Umande ukaganda, majani yakaungua. Kidosho alikwisha kuzaa, na ndama alivuta chuchu akaambulia matone. Ndipo wakafunua.

Lo! Juu palikuwa peusi, pana ukungu, panateleza. Mvua ilipenya. Pimbi akachimbua kwa kucha, na chini yake yakatokea majani ya rangi ya dhahabu, harufu yake kali tamu kama togwa.

Kidosho hajatafuna hata tonge moja, vishindo hivyo!

"Chakula!" Nyati akanguruma, mbavu zimemtoka. "Nakula chote, na shimo nalilamba!"

Pimbi akatazama pembe. Akawatazama watoto. Akajitupa chini.

"Kula, Mzee wangu! Kula haya ya njano ya chini, chakula chetu sisi wadogo. Ila nakusihi, ya juu usiyaguse. Ya juu ni ya wakubwa. Tumemwekea Tembo."

"Tembo? Mkubwa hapa nani?"

"Mzee, usi..."

Chapu, chapu, chapu! Nyati akayafakamia ya juu yote.

"Mbona machungu?"

"Vya wakubwa ndivyo vilivyo, Mzee. Watoto ndio wanaopenda vitamu."

Nyati akaona haya kutema. Akameza, ya watoto akayaacha, akaenda zake. Hakufika mbali, tumbo likasema nguru-nguru-nguru, halafu prrraaa! Akateremka bondeni mkia juu, na kwa siku tatu bonde zima lilimsikia. Mpaka leo akinusa harufu ya majani machachu, hupita njia nyingine.

Kidosho akala asubuhi, akala jioni. Kiwele kikajaa. Churr, churr, ndama akanywa, watoto wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa duara.

"Shoga, sasa njoo upumzike," Kidosho akasema.

"Naja," Pimbi akajibu, naye anakimbia na udongo mkononi kuziba shimo.

Ngano yangu imefika ukingoni. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu nirudishieni mwenyewe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: waheshimuni wakubwa. Siku zote waachieni ya juu.